Sheha Asiyepigwa

Mji wa Unguja, 3 Mfunguo Saba 1326

Kwa sahibu yangu tuliyekaa naye jamvi moja, Maalim Mcha bin Ame, Makunduchi. Salamu zangu na za nyumba yetu nzima, wakubwa kwa wadogo.

Habari ya kufariki sheha wenu imetufika ofisini jana. Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira. Hayo ni ya rambirambi. La pili ni langu mwenyewe, na usinione sina adabu kulitia katika barua moja na msiba.

Serikali itataka jina la sheha mpya. Bwana Mkubwa, Mzungu ninayemfasiria, amechoka na masheha wa kutia dole. Aliponiuliza nani huko Kusini anayejua kalamu, jina lako lilinitoka kabla hajamaliza kusema. Nani mwingine? Wakati tunasoma nahau, sheikh wetu alikuwa akikuuliza wewe mwisho, maana akikuanza wewe sisi wengine tulikuwa hatuna tena la kujibu. Ungeweza kubaki mjini ukala haluwa pamoja nasi. Ukarudi kwenu kwenye mawe, ukafungua chuo cha Kurani, na watoto wa wavuvi wanasoma kwa makhraji yaliyonyooka. Kila ninapolieleza jambo hilo barazani kwetu najisikia fahari, kama kwamba ni mimi niliyelifanya.

Mimi, Mcha, kiti hiki nimekipata kwa jina la babu yangu. Wewe chako utakipata kwa kichwa chako. Waambie wazee wako walete jina, na mengine niachie mimi.

Nduguyo, Turki bin Majid


Makunduchi, 11 Mfunguo Saba 1326

Kwa Sheikh Turki bin Majid, mwenye kunidhania mema kuliko ninavyostahiki. Wa alaika salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na siwezi kukuficha kwamba moyo uliruka kidogo. Nani asiyependa kutajwa? Lakini wazee wameshakaa, na jina walilolitaja si langu.

Huku kwetu sheha hatajwi na mtu mmoja. Hutajwa na Watu Wanne, wazee wanaoutazama mji. Hawaandiki kitu, wala hawana muhuri, lakini wakinyamaza hakuna kinachokwenda. Nawe ujue sisi watu wa Kusini tuko vipi. Ardhi yetu ni mawe. Karafuu ilikataa kuota kwetu, kwa hiyo wenye mashamba hawakutufuata, na tumebaki wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa nje akija kuuliza tunampa kiti, tunampa dafu, na jawabu tunampa polepole.

Wamemtaja Mjaka, mchoma chokaa. Utacheka. Lakini nikusimulie habari ya njia. Serikali iliwahi kutaka vijana wetu waikate njia ya pwani. Mjaka ndiye aliyepelekwa kujibu, na alikubali kila kitu. Akauliza tu, kwa adabu, ianzie kwetu au ianzie mjini. Akaambiwa ianzie kwenu. Akasema vyema, ila vijana wakifika katika ardhi ya Jambiani, wenyewe wataona wamevamiwa, bora waulizwe kwanza. Jambiani wakaulizwa, wakasema waulizwe Paje. Njia hiyo, sheikh, mpaka leo inaulizwa.

Mimi mzee mmoja kaniambia, "Wewe Maalim ukiulizwa unajibu." Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa. Sikuona vibaya. Nakuomba jina langu uliondoe, mimi si wa kazi hiyo. Mama anakusalimu sana.

Mcha bin Ame


Mji wa Unguja, 2 Mfunguo Nane 1326

Kwa Maalim Mcha, ambaye kuanzia leo nitamwita Sheha Mcha, apende asipende.

Nimecheka niliposoma barua yako. Umekataa kama anavyokataa muungwana anapokaribishwa kula: "Nshakula, alhamdulillahi," na mkono huku unalikaribia sinia. Sisi tuliolelewa mjini tunazijua ada hizi. Mtu wa heshima akikubali mara ya kwanza, watu humwona ana njaa.

Jina la Mjaka lilikuja, limetiwa dole na masizi juu yake. Bwana Mkubwa akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mtu mwema anayechoma chokaa, na kwamba yupo mwingine, mwenye elimu, ambaye haya zake zimemzidi. Akasema, "Basi huyo." Hati imeandikwa na muhuri umepigwa. Askari ataileta na ataisoma uwanjani mbele ya watu, wakijue kitabu kilichokuwa kimefungwa miongoni mwao.

Usinishukuru. Furaha yangu ni kubwa kuliko yako. Sasa utapata nguvu ya kujenga chuo cha mawe, na posa yako kwa Kidawa itaharakishwa, maana ni baba gani asiyetaka mkwe sheha? Niandikie upesi unieleze walivyofurahi.

Turki


Makunduchi, 27 Mfunguo Nane 1326

Turki mwanangu,

Anayeandika ni Msabah, khatibu wa Jambiani, maana ajuaye kalamu hapa kwetu ni mwanangu, na barua hii si ya kupita mkononi mwake. Maneno ni yangu, mimi Mwatum mama yake. Nshamwambia Msabah asiyapambe.

Ulikuja kwangu mwaka ule wa mvua nyingi, ukala wali wangu kwa pweza, ukaomba ukoko. Kwa hivyo nnakusema kama nnavyomsema wa kwangu. Umemkata mwanangu na kwao.

Askari kaja, hati kaisoma. Watu wamesikiliza, wamesema ndiyo bwana, wamekwenda zao. Hapana aliyemtukana. Ungekuwapo ungedhani mambo mazuri. Mie nlijua siku ile ile. Alipopita barazani watu walisimama, wakamtandikia mkeka mpya. Mcha huyu, aliyekuwa akifika pale anaambiwa, "Sogea, umetuzibia upepo." Mtu wa kwao hatandikiwi mkeka mpya. Huo ni wa mgeni, na wa Sirikali.

Chuoni watoto walikuwa hawana pa kukaa. Sasa kila mmoja ana udhuru, huyu kachunga mbuzi, yule mguu unamuuma. Wamebaki wajukuu wa dada yangu, na hao ni kwa kuwa nnawaburura.

Na hao kina Kidawa posa hawakuivunja. Wamenyamaza. Nkenda kwao napewa uji, nasifiwa leso yangu, jawabu sipewi. Nnajua wanalolifanya, maana ndivyo tunavyowafanya watu wa nje.

Yeye hakwambii. Anasema wewe umetenda kwa mapenzi, na mtu hamrudishii mwenzake mapenzi usoni. Anakaa chuoni na vitabu vyake, anajifanya anasoma. Ukurasa haugeuki.

Sasa Mwaka unakuja. Siku ya Mwaka watu wa upande wetu wa kusini na wale wa upande wa kaskazini tunakutana uwanjani na mabua ya migomba. Mtu anamwendea nduguye wa upande wa pili, anampiga na kumtolea yote aliyomfanyia, naye anapigwa vile vile. Kibanda cha makuti kikishachomwa, basi, hapana tena kinyongo. Apigwaye ni mtu wetu. Mgeni hapigwi, mgeni hulishwa. Siku hiyo, mwanangu, mie naiogopa.

Nguo ulimkatia wewe na haimkai. Fumua.

Mwatum


Mji wa Unguja, 4 Mfunguo Tisa 1326

Mama yangu Bi Mwatum, shikamoo.

Barua yako nimeisoma, nikaifunga, nikakaa nayo mkononi mpaka kahawa ikapoa. Mwanao aliniambia wazi kwamba hataki, nami nikamsikia kwa masikio ya mjini.

Nimekwenda kwa Bwana Mkubwa. Kasema Serikali haibadili neno lake kwa sababu ya mikeka. Ipo njia moja tu: mwenye hati mwenyewe airudishe kwa mkono wake, aseme haitaki. Lakini mtu aliyerudisha hati ya Serikali huandikwa kuwa si wa kuaminiwa, na hapewi tena kazi yoyote, hata ukadhi, ambao mimi nilikuwa nikimtarajia siku moja. Sina uso wa kumwandikia yeye haya. Mwambie wewe ukiona yafaa, na usipoona yafaa usimwambie.

Mimi niliyekula ukoko wako, Turki


Makunduchi, 27 Mfunguo Tisa 1326

Sheikh Turki, ndugu yangu.

Mama kaniambia juzi kwamba mliandikiana, na ulilomjibu kaniambia lote. Usijikalifu kwa hilo. Nakueleza sasa yaliyotokea siku ya Mwaka, kwa kuwa wewe ni mtu pekee ninayeweza kumweleza bila kuonewa huruma ana kwa ana.

Nilitoka asubuhi na kanzu yangu kuukuu kama desturi, na bua langu la mgomba begani. Huwezi kujua furaha ya asubuhi hiyo kwetu. Watu wanaopendana wanatafutana kwa macho kama wadai, kila mmoja amejiwekea maneno ya mwaka mzima. Watu wa kaskazini walipoingia uwanjani wanakimbia, nilijitupa mbele. Vumbi likapanda. Kulia kwangu binamu yangu anampiga mtu aliyemwibia mtego wa samaki, wote wawili wanapiga kelele na wote wawili wanacheka. Kushoto kwangu watu wazima wanaanguka. Mimi nimesimama katikati, na uwanja umenipitia pembeni kama maji yanavyolipitia jiwe.

Bakar, kaka yake Kidawa, ni wa upande wa kaskazini. Tangu utotoni huanza na mimi. Nilimwona anakuja mbio, bua juu, mdomo umeshafunguka. Aliponitambua alilishusha. Akatengeneza kanzu yake. Akasema, "Shikamoo, sheha." Turki, mimi na Bakar tumezaliwa mwezi mmoja. Nilimwambia, "Bakar, nipige." Akajibu kwa heshima kubwa kwamba hawezi, akaondoka kutafuta mtu mwingine.

Wanawake nao walizunguka wakiimba. Siku hiyo huimba matusi, na kila mwenye jina hupata lake. Mke wa Mjaka aliimbwa kwa ubahili wake wa nazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyepokea kwa sauti kubwa. Walipofika niliposimama mimi, walibadilisha wakaimba kasida.

Kibanda kikachomwa, mzee aliyekuwa ndani akatoka mbio katika moshi kama ilivyo ada, watu wakashangilia, mwaka ukaisha. Kanzu yangu ilirudi nyumbani safi kama ilivyotoka. Mama aliitazama, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Nilikaa nikafikiri. Sikatai kwamba usheha niliutaka, na siku zile za mwanzo nilipokuwa peke yangu niliitoa hati nikaisoma kwa sauti. Ni hati nzuri, imeandikwa kwa mkono mzuri, nadhani ni wako. Lakini hati inasema mimi ni mtu wa kuwasemea watu wa Makunduchi, na siku ile nilikuwa mtu pekee uwanjani ambaye Makunduchi haikuwa na la kumwambia.

Kulipopambazuka niliwaendea Watu Wanne. Nikawaambia hati nairudisha. Mmoja akauliza, "Umeambiwa na nani?" Nikasema sikuambiwa na mtu. "Serikali itakasirika?" Nikasema itakasirika, na jina langu litaharibika huko daima. Sikupata sifa wala pole. Mwishoni yule mzee mkubwa akasema, "Haya, sogea, umetuzibia upepo." Nikasogea.

Posa bado kimya. Watoto wawili wamerudi chuoni. Mwaka haurudiwi, itanibidi nisubiri mwingine nione. Hati naileta mwenyewe Ijumaa inayokuja, nimkabidhi Bwana Mkubwa kwa mkono wangu. Nakuomba usimame karibu nami, kwa kuwa najua litakugusa na wewe.

Mcha


Mji wa Unguja, 20 Rajabu 1326

Kwa Maalim Mcha bin Ame, mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wote niliopata kuwajua.

Siku ile ulipoiweka hati juu ya meza na kusema, "Siitaki, na aliyenipa hakukosea ila hakutujua," nilifasiri neno kwa neno. Uliondoka upesi ukawahi wenye punda, kwa hiyo hukuyaona yaliyofuata. Bwana Mkubwa alinitazama kama mtu aliyeuziwa punda kiwete. Mimi sasa niko forodhani, katika ghala, nasimamia magunia. Usisikitike. Ghalani kuna harufu nzuri ya karafuu, na hakuna anayenitaka nifasiri kitu.

Lakini kabla sijahamishwa niliifanya kazi moja ya mwisho, na nisingekubali kuikosa. Mjaka wenu aliitwa kuonwa. Kaja na kilemba kipya na miguu yenye chokaa. Bwana Mkubwa akamuuliza kwa ukali, "Unajua kusoma?"

"Sijui, bwana."

"Na kwenu hakuna anayejua?"

"Yupo, bwana. Tumemweka nyumbani asichakae."

Nilipolifasiri hilo nilimwona Mzungu anatafuta hasira yake mfukoni na haioni. Akauliza habari ya njia ya pwani. Mjaka akamshukuru kwa kukumbuka, akasema watu wa Paje ni wazito lakini si wabaya, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda tena kuwauliza mvua ikikatika. Akaeleza vizuri sana, kwa upole, mpaka Bwana Mkubwa akawa anaitikia kwa kichwa. Mwishoni akampa mkono, na usheha pamoja nao. Nimesoma nahau na mantiki, nimekaa na makadhi, sijapata kuona mtu anyimwe kitu alichokitaka na bado ashukuru kama alivyoshukuru Mzungu yule.

Hapo ndipo nilipowaelewa. Nilikuwa nikidhani Kusini hamjui kupima watu. Sisi mjini ndio tunaopima kwa jina la babu. Mwarabu atapewa hiki kwa kuwa ni Mwarabu, na mtu wa bara atanyimwa kile kwa kuwa ni wa bara, na mtu akiwa bora ndiyo tunamsukuma mbele ya wakubwa ili tujivunie. Ninyi mbele mnamtoa anayeweza kustahimili kupigiwa kelele, na aliye bora mnabaki naye. Tena mkamwambia kwamba hafai, asije akaringa. Wallahi nimeipenda siasa yenu, na nawaonea wivu.

Nina ombi. Mwaka ujao nataka kuja. Sitaki kukaa pembeni na wageni. Waombe wazee wanipe bua langu na upande wa kusimama. Wana haki ya kunipiga kuliko mtu yeyote.

Turki bin Majid, wa magunia


Makunduchi, 9 Rajabu 1327

Sheikh Turki, sahibu yangu.

Mwandiko huu usiucheke. Kidole cha shahada kimevimba na kalamu haishikiki sawasawa, kwa hiyo sitaandika mengi.

Bakar ndiye aliyeanza. Alinipiga la bega, akanipiga la mgongo, na kwa kila bua alikuwa na neno. La Serikali. La ile kanzu ya kupigwa pasi niliyoivaa siku hati iliposomwa. La dada yake, kwamba amekaa mwaka mzima anasubiri mtu aliyetanguliza muhuri. Nilijikinga kwa mkono, na ndiyo sababu ya kidole. Nami sikumwacha, nilimtolea yote, hasa ile shikamoo yake, na niliyatoa kwa bua. Kisha wakaja wengine ambao sikudhani wananidai. Nimepigwa na mtu wa miaka sabini. Wanawake wameniimba wimbo mrefu wa mtu aliyeolewa na karatasi, na siwezi kukuandikia maneno yake, kwa kuwa barua hii inaweza kufunguliwa na mama yako. Nililia, Turki, na kwa kuwa kila mtu uwanjani alikuwa na vumbi machoni hakuna aliyenijua.

Kanzu ilirudi haina mkono mmoja. Mama kaianika mbele ya nyumba, penye njia, na hataki kuianua. Watu wakipita anawaonyesha palipochanika. Jioni ile ile baba yake Kidawa kaja mwenyewe kula kwetu, kataja siku ya harusi baina ya tonge na tonge, kama mtu anayeomba chumvi. Ni mwezi nane Mfunguo Mosi, inshallah. Chuoni hapana pa kukaa.

Najua kwamba ghala limekuzuia kuja mwaka huu. Ulilolitaka nimewafikishia Watu Wanne. Wamecheka sana, na wamekupenda kwa kuliuliza. Mjaka kasema wewe ndiye mtu wa mjini wa kwanza kutuomba kitu ambacho hakikuandikwa. Njoo harusini, na njoo Mwaka ujao. Utalala kwetu, utapewa ukoko wote, na watoto watagombania kukubebea mzigo.

Lakini bua, ndugu yangu, wazee wamekataa. Nimewaomba mara ya pili, na wamekataa kwa upole zaidi. Wamesema nikwambie kwamba hapa kwetu hayupo mtu wa kukupiga.

Akupendaye, Mcha bin Ame